Dungu Jirani Limenyamaza

Wimbo wa Mudrick uliondolewa mtandaoni siku ya Ijumaa, sisi tukiwa msikitini. Tumeingia kuswali upo, tumetoka haupo. Iddy wa bodaboda ndiye aliyegundua. Alikuwa anavaa kandambili huku anabonyeza simu, anataka kumsikilizisha mwenzake, kioo kikaja cheusi chenye maandishi meupe. Akanigeuzia.

"Mzee Kifungu, hebu soma. Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye jina la pikipiki."

Nikasoma. Yalisema sauti iliyomo ndani ya wimbo ule ni mali ya kampuni ya Zumaridi Sauti, na kwamba wimbo umezuiwa katika nchi zote. Nchi zote, pamoja na Kibiti.

Nataka msomaji anielewe kabla sijaendelea, maana nikianza kukasirika huwa naruka mambo. Sauti wanayoisema ni ya Mama Mdogo wangu, Bi Mwanahawa wa Mbwera. Yu hai. Wakati sisi tunasoma maandishi yale, yeye yuko kwake anapepeta mchele. Hajamuuzia mtu kitu, hajatia dole gumba popote.

Mimi naitwa Nurdini. Kifungu ni jina la kubandikwa, kwa sababu kwenye kila mkutano wa hadhara husimama nikauliza, kwa kifungu gani? Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, katika magazeti ya kufungia vitumbua na vitabu vya sheria vya kuazima, na nikishakisoma kitu sikisahau. Ndiyo maana viongozi wakiniona nimekaa mbele hufupisha hotuba.

Basi tuanze na dungu. Kwetu delta ya Rufiji, mpunga ukitoa masuke watu huhamia shambani, wakakaa kwenye dungu: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, chini maji au matope. Mwanamke yuko pale kutwa anaamia ndege wasile mpunga, na kombeo lake na kamba zake zenye makopo. Dungu moja na jingine hamwonani kwa matete. Mnachojuana ni sauti. Zamani watu walipiga makelele tu, heee, heee, basi. Ni Mama Mdogo Mwanahawa, angali msichana, aliyeyapa makelele yale maneno na mwendo:

*Heee, dungu jirani, heee!*
*Kwangu kapita, kwako yuko?*

Na jirani anajibu:

*Hayuko, heee! Karudi porini, heee!*

Ndege wanakimbia, sawa. Lakini wito ule una kazi nyingine kubwa kuliko ndege. Dungu likiitwa lisijibu, unaita tena. Likikaa kimya, huulizi mtu, unashuka, unaingia kwenye mtumbwi, unakwenda kuangalia. Huenda nyoka, huenda kiboko, huenda homa imempiga chini. Mimi nimezaliwa hivyo. Mama yangu alishikwa na uchungu yuko peke yake dunguni, akaitwa, hakujibu, mdogo wake, huyu Mwanahawa, akapiga kafi, akanikuta nusu nimefika duniani na nusu bado. Kwa hiyo watu wa kampuni wanaponitaka nieleze nina uhusiano gani na ile sauti, huwa sijui nianzie wapi.

Hao walioinasa nawakumbuka. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuogelea mto peke yangu. Alikuja Mzungu mmoja na kijana wa mjini wa kumtafsiria. Walikuwa na mashine yenye magurudumu mawili yanayozunguka polepole. Wakamwambia Mama Mdogo aite. Akaita. Mama yangu, kwenye dungu la pili, akajibu kama ilivyo ada. Mzungu akatikisa kichwa. Kijana wa mjini akasema, "Yule wa kule mbali anaharibu. Mwambieni anyamaze, mgeni anataka sauti moja, safi."

Mgeni ni mgeni. Mama akanyamazishwa. Mama Mdogo akaita, akaita, akaita, na kila akimaliza anageuza shingo kule linakotoka jibu, na jibu halitoki. Wakafunga mashine yao wakafurahi. Waliacha mche wa sabuni na ahadi ya kuleta santuri. Sabuni iliisha. Santuri naingoja mpaka leo.

Mudrick ni mjukuu wake Mama Mdogo, mtoto wa binti yake. Mimi ananiita mjomba. Ana studio hapa Kibiti, chumba kimoja nyuma ya saluni ya dada yake Warda, ukutani kapigilia trei za mayai zisiache sauti itoke, ingawa harufu ya dawa ya nywele inaingia. Jukwaani anaitwa Mudi Mkoko. Anachana, yaani anaghani mashairi ya harakaharaka. Na kazi yake kubwa ni ile vijana wanayoiita kusampo: anachukua kipande cha wimbo wa zamani, anakikatakata kama muwa, anakipanga upya, anapiga ngoma chini yake, ndipo anachana juu. Siku ya kwanza kuiona nilimwambia huo ni wizi.

"Mjomba, hip hop imezaliwa na watu wasiokuwa na vyombo," akaniambia. "Walikuwa na santuri za baba zao, basi. Wewe ukijengewa nyumba na mlango wa babu yako, umeiba mlango?"

Nikakosa kifungu.

Mchana mmoja akiwa anaokotaokota mtandaoni akakuta albamu ya Zumaridi Sauti, sauti za kale za mito ya Afrika, picha ya jalada ni twiga. Twiga, delta! Ndani yake, kati ya nyimbo za watu tusiowajua, akasikia *heee, dungu jirani, heee*. Jina la mwimbaji limeandikwa "mwanamke, Rufiji". Akaiweka kwenye simu akaenda nayo Mbwera.

Nilikuwapo. Mama Mdogo alikuwa na ungo mapajani. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni miaka ya nyuma, tangu hapo sauti yake ni kama karatasi inayokunjwa. Mudrick akabonyeza. Ule wito ukatoka kwenye simu, mbichi, mrefu, umenyooka. Ungo ukasimama. Na kabla hatujamwambia neno, bibi wa watu akageuza shingo akajibu kwa ile karatasi yake: "Hayuko, heee! Karudi porini, heee!"

Halafu akauliza, "Binti wa nani huyu? Ana koo zuri."

"Ni wewe, Bibi," Mudrick akasema.

"Nenda zako, mume wangu. Mimi nilikuwa hivyo?"

Alikuwa hajawahi kujisikia. Umri wote ule. Akaomba airudie, akairudia mpaka chaji ikaisha, na hata alipokubali kuwa ni yeye aliendelea kumwita "yule binti". Yule binti anaita vizuri. Yule binti mbona hajibiwi?

Swali hilo ndilo lililomtia Mudrick wazimu. Alirudi Kibiti akafanya wimbo, akauita "Jibu la Dungu". Yule binti anaita, na Mudrick ndiye jirani anayejibu, kachelewa miaka arobaini lakini anajibu. Anamweleza habari za mafuriko, za mashamba yaliyolala chini ya maji, za vijana waliokwenda Dar kuuza soksi barabarani. Kuna mahali anasema:

*Nimesikia, dungu nimesikia, jibu ndilo lilikawia,*
*maji yamefika kifuani, na bado nakusikia.*

Mimi si mtu wa muziki huo. Lakini nilitoka nje ya saluni nikasimama kwenye jua, kwa sababu nilisikia dungu la mama yangu limefunguliwa mdomo.

Wimbo ulikwenda. Bajaji zikaucheza, kituo cha redio cha Dar kikampigia simu, kikampa siku ya kwenda kuimba. Ndipo ikaja Ijumaa ile.

Mudrick nilimkuta studio kakaa sakafuni.

"Mashine imeusikia, Mjomba. Hakuna mtu aliyeusikiliza. Mashine yao inazunguka mtandaoni kutwa inanusa sauti, ikikuta ya kwao inakata."

"Ya kwao kwa kifungu gani?"

"Acha, Mjomba. Leo acha."

Hakulilia redio. Alisema jambo moja tu: alitaka bibi yake ausikie wimbo ule ukipigwa kwa watu, mchana, wazi, angali yupo. Sauti ile haipo popote pengine. Kooni mwake haipo. Ipo kwenye kabati la Zumaridi Sauti.

Akawaandikia. Wakamjibu kwa heshima nyingi, wakataja bei ya kibali. Ilikuwa bei ya boti na injini yake, na juu ya hapo sehemu kubwa ya kila kitakachoingia. Mudrick hana hata mtumbwi. Mwanamuziki wa Ulaya mwenye fedha analipa, anakata sauti ya Mama Mdogo, anaichezea ukumbini. Mjukuu wake anaambiwa aombe kwanza. Halafu kuna watu wanakaa redioni wanauliza kwa nini vijana wetu siku hizi biti zao zote zinafanana!

Wakala wa kampuni hiyo Dar alikuwa mwanasheria, Kristina, mtu wa bara huko Mahenge. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kumtukana, akaniharibia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee Nurdini, njia ipo moja. Kunasa sauti ni haki ya aliyenasa. Lakini kutunga ni haki ya mtunzi. Kama bibi ndiye aliyeutunga ule wito, kampuni haiwezi kuutumia bila yeye. Hapo mimi mwenyewe nitawaambia wakae naye mezani, na kibali cha mjukuu tutakimaliza siku hiyo hiyo. Ninachohitaji ni kauli yake tu. Nitakuja Kibiti."

Kauli tu! Nikacheka peke yangu njiani. Mbwera nzima inajua wito ule ni wa nani.

Nikaenda kumchukua Mama Mdogo. Kwenye boti ya kuelekea Nyamisati nilimfundisha kama mtoto wa madrasa.

"Atakuuliza, wimbo huu umetunga wewe? Unasema nini?"

"Nasema ndiyo."

"Unasema, ni wangu."

Akatazama maji. "Hilo la wangu lazima?"

"Lazima, Mama."

"Nitasema," akasema. Na nahodha akacheka, akasema, "Bi Mwanahawa leo anakwenda kumiliki makelele." Mama Mdogo akamtupia ganda la chungwa.

Nilipaswa kuelewa pale pale. Mimi, nisiyesahau kitu, nililisahau la kwetu. Dunguni hakuna anayesema wito ni wake. Mwanamke akijisifia sauti, majirani hawamgombezi, hawamsengenyi, wanaacha kumjibu. Basi. Na asiyejibiwa msimu mzima ndege humlia shamba, na siku akiumwa na nyoka hapana ajaye. Watoto wa kike wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kupika wali: ukisifiwa sauti, sema nimeikuta. Sasa mimi nilikuwa nampeleka mwanamke mwenye miaka sabini na ushei akalivunje mbele ya mgeni kwa sababu mwanasheria anahitaji kauli.

Tulikutana kwenye sebule ya nyumba ya wageni, hapa Kibiti. Kristina alipiga goti kidogo, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa, akamuulizia safari, akamuulizia koo. Aliweka simu mezani inase mazungumzo, na alimwambia kwamba inanasa. Wa kwanza katika ukoo wa wanaonasa sauti kusema hivyo. Mudrick kakaa pembeni, mikono katikati ya magoti.

"Bibi, huu wito wa dungu jirani. Nani aliutunga?"

Mama Mdogo akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Tumeukuta," akasema.

"Mama!" nikaruka.

"Mzee Nurdini, naomba umwache aseme mwenyewe. Bibi, mliukuta kwa nani?"

"Kwa wazee. Mimi mwanafunzi tu. Wenye sauti walikuwapo, mimi nilikuwa naitikia itikia."

"Muongo!" nikasema, Mungu anisamehe, kumwambia hivyo mtu aliyenivuta duniani. "Hakuna aliyekuwa anaitikia! Kabla yake watu walikuwa wanapiga makopo! Muulize jirani yake Sijaona, muulize yeyote Mbwera, muulize nahodha!"

"Nikiwauliza watasemaje?"

"Watasema ni wake."

"Na yeye anasema si wake." Kristina hakunisimanga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mzee wangu, nitapeleka vipi kauli za majirani zinazompinga mwenyewe? Bibi, nakuuliza tena, kwa faida yako. Je, hata maneno, hata kidogo, uliyaweka wewe?"

Mama Mdogo alivuta ushungi. Nilimwona anataka. Wallahi nilimwona, midomo ilifunguka. Halafu akasema, "Mwanangu, dungu ni la wote. Na wito ni wa wote. Kwani nikisema wa wote, si ndiyo huyu mume wangu pia auimbe?"

"Auimbe, Bibi. Ukiwa wa wote, hamna wa kumzuia kuuimba upya. Wimbo ni huru."

"Alhamdulillahi."

"Lakini ile sauti iliyonaswa hapana. Ile ni ya kampuni."

"Sauti ya nani?"

Kristina akatazama simu yake. "Yako, Bibi."

Nyumba ile ina feni mbovu, inagonga. Ikawa inagonga yenyewe tu. Kristina akazima simu yake, akasema yale anayotakiwa kusema, kwamba pole, na kwamba wapo wasanii wengi ambao vikwazo vya namna hii viliwazalishia ubunifu mkubwa. Nikamwambia hata njaa inazalisha mapishi mengi, mbona hakuna anayeisifia? Kristina alimwachia Mama Mdogo vitenge viwili, vizuri. Nami nikawaza sabuni.

Wiki zilizofuata mimi na Mudrick hatukupikika chungu kimoja. Mimi nilitaka vita. Tuuweke kwenye memori, tugawe kwa madereva, uchezwe Kibiti mpaka Ikwiriri mpaka Mohoro, waje waufungie kila bajaji moja moja. Yeye hakutaka.

"Redio hawachezi wimbo wenye kesi, Mjomba. Na bibi sitaki asikilizwe kwa kificho kama picha chafu."

Alijaribu kuuimba upya, kama Kristina alivyosema. Warda aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaingia studio. Ana sauti tamu, Warda, lakini hajawahi kukaa dunguni. Aliita dungu jirani kama mtu anayetangaza sabuni. Mudrick alimrudisha, akamrudisha tena, mwishowe Warda akavua vile vya masikioni: "Kaka, mimi huyo ndege sijamwona hata mmoja. Nimfukuze kwa chuki gani?"

Basi Mudrick akaufuta. Na badala ya kuweka kitu pale sauti ilipokuwa, akapaacha patupu. Ngoma inakuja, inafika mahali pa wito, inakata. Kimya. Halafu yeye anajibu: nimesikia, dungu nimesikia.

"Umesikia nini?" nikamfokea. "Hakuna kilichosemwa! Hicho si kimya, hilo ni tundu. Wamekata nyama, na wewe unaliremba jeraha."

"Ndiyo, tundu. Mtu asikie kuwa ni tundu."

"Atasikia redio imeharibika!"

Alinitazama, macho mekundu. "Mjomba, wewe umekasirika tangu sijazaliwa. Umerudisha nini?"

Nilitoka bila kuaga.

Alinipigia mpunga ulipotoa masuke. Anakwenda Mbwera kumsikilizisha bibi, niende naye. Nilikwenda kwa sababu ya Mama Mdogo, na nilimwambia hivyo.

Siku hizi Mama Mdogo huketi dunguni kama mlinzi wa heshima tu. Kazi ya kuita anafanya binti wa jirani, ambaye siku ile hakuwapo, na dungu la pili yuko Sijaona, mke wa marehemu Abdala, mwanamke wa mikono kama makafi. Tulipanda ngazi. Mudrick alikuwa na spika ya kubeba begani, na kinasa chake kidogo, hakiachi, anasema mashambani ndiko ziliko sauti zisizokuwa na mwenyewe. Aliweka spika ukingoni, akafungulia mpaka mwisho. Ndege kwelea wakainuka shamba zima kama mchanga uliorushwa.

Ngoma ikaja. Ikaja, ikaja, ikafika mahali pake. Ikakata.

Mama Mdogo akainua kichwa.

Mudrick akajibu kwenye spika, ngoma ikaendelea, ikafika tena. Kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi. Nami, pamoja na hasira zangu, nikajikuta nimegeuza shingo kutazama kule matete yalipo.

Kutoka kule ikaja sauti ya Sijaona:

"Heee! Nyie huko! Mbona kimya?"

Hatukujibu. Tulikuwa tumeduwaa wote watatu, na spika ilikuwa bado ndani ya tundu lake.

"Mbona kimya? Heee! Kuna nini?"

Halafu tukasikia maji. Kafi, kafi, kafi, na matete yanavunjika, na Sijaona huyoo, kasimama kwenye mtumbwi, panga mkononi, khanga kiunoni, jasho.

"Wapi? Nyoka?"

"Hakuna nyoka, mama," Mudrick akasema.

"Kiboko?"

"Hapana."

"Bi Mwanahawa yuko hai?"

"Niko hai, mwanangu. Karibu."

"Sasa mlikatikia nini? Ngoma inalia, mara kimya, inalia, mara kimya! Nimeacha sufuria motoni!"

"Ni hakimiliki," nikamwambia.

Sijaona alishika panga vizuri. "Imemuuma nani?"

Mudrick alianza kucheka, akakaa chini, akacheka mpaka dungu likatikisika. Mimi sikucheka. Nilimwambia Sijaona habari yote, kutoka mashine ya magurudumu mpaka feni mbovu. Alisikiliza amesimama mtumbwini. Mwishowe akamgeukia Mama Mdogo.

"Yaani walikuuliza ni wa nani, na wewe ukasema umeukuta?"

"Ningesemaje?"

Sijaona akawaza. "Kweli. Ungesemaje." Akachomeka panga kiunoni. Na hapo nilijua kwamba hata ningeleta Mbwera nzima kwenye sebule ile, ningeleta watu wa kusema tumeukuta.

Mudrick alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameshika kinasa chake, taa nyekundu inawaka. Kilikuwa kinanasa muda wote.

"Mama Sijaona, ile uliyoita. Mbona kimya. Nimeinasa. Nikiiweka kwenye wimbo utaniruhusu?"

"Makelele yangu?"

"Ndiyo."

"We mtoto una njaa," akasema Sijaona. "Chukua. Ila usiwaambie watu nina sauti."

Kwa hiyo ukiusikia wimbo ule leo, na utausikia, maana redio ya Dar inaucheza na mashine haikuona cha kunusa, ndivyo ulivyo. Ngoma inakata, kimya, halafu mwanamke kwa mbali: *heee, nyie huko, mbona kimya?* Halafu Mudrick. Bodaboda wa Kibiti wameufanya salamu. Mtu akipita hajasalimia, "Mbona kimya?" Jina la Sijaona limeandikwa, na haki yake imeandikwa, kwa hilo nilimsimamia Mudrick mpaka akatia saini. Kristina alituma ujumbe wa pongezi. Aliandika: mmeona, Mzee Nurdini, kikwazo kimezaa ubunifu.

Sikumjibu, maana ningeandika matusi. Mudrick ana kipaji, kikwazo hakikumpa. Alikuwa nacho alipofanya wimbo wa kwanza, na ule wa kwanza ulikuwa na bibi yake ndani. Huu una tundu lenye umbo la bibi yake, na watu wanalipigia makofi.

Siku ile dunguni, Sijaona alipokwisha kuondoka kuwahi sufuria lake, Mudrick aliucheza tena kwa sauti ya chini. Mama Mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si Mudrick.

"Yule binti kanyamaza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mmekwenda kumwangalia?"

Nilifungua mdomo nimpe habari za kampuni, za kauli, za kibali. Nikaufunga. Aliuliza swali la dunguni, na swali la dunguni halina jibu la ofisini.

Nimekwenda Dar, kwenye ofisi ya kampuni, mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza mlinzi alinizuia getini kwa sababu ya kandambili. Mara ya pili nilivaa viatu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka wafagiaji wakaanza kufagia, nikaambiwa wenye maamuzi wako ng'ambo. Kila nikirudi Mbwera naulizwa lile lile, na sasa sidanganyi.

"Nimekwenda, Mama. Sikufunguliwa."

"Umeita?"

"Nimeita."

"Mara ngapi?"

Huwa sijibu. Naye huvuta ushungi wake, hutazama kule kwenye matete, halafu husema kwa ile karatasi iliyobaki kooni mwake, "Basi piga kafi, baba. Mtu akinyamaza hatuulizi geti."

Viatu nimeviazima tena kwa Iddy. Basi la asubuhi linapita Kibiti limejaa, lakini nitasimama.